STAA ANAPOSTI DUBAI YA JANUARI, WADOGO ZAKE WA MWANZA WANAPELEKWA KWENYE YA JULAI

Kuna mrembo mmoja hapa Rock City, jina kapuni, ambaye kuanzia Capri Point mpaka Buhongwa hakuna asiyemjua. Ana duka la nguo, ana saluni, na Instagram ana wafuasi wa kujaza uwanja. Kila mwaka ikifika mwisho wa Disemba anapotea mjini, na baada ya siku mbili picha zinaanza kumiminika: yuko Dubai. Yuko jangwani juu ya gari, kavaa koti la jinzi. Yuko ufukweni, upepo unapeperusha wigi. Yuko mezani usiku, nje kabisa, anakula nyama choma ya Kiarabu huku kajifunika mtandio mabegani kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "kuna kaubaridi flani ka mahaba".

Chini ya picha mabinti wa Nyakato, Igoma, Mabatini, Kisesa mpaka Sengerema wanaandika kitu kimoja: dada, nipe mchongo na mimi. Na dada anajibu. Anawapa namba ya dalali. Minong'ono ya mjini inasema kwa kila kichwa kinachopanda ndege naye hakosi cha juu, lakini hilo si la leo. La leo ni lile koti la jinzi.

Maana lile koti linadanganya. Sio kwamba kapiga picha studio, hapana, Dubai yupo kweli na kaubaridi anakasikia kweli. Januari Dubai mchana ni nyuzi joto 24 hivi, usiku inashuka mpaka 14 au 15. Hiyo ni baridi kuliko Mwanza! Tatizo ni kwamba mji una miezi kumi na miwili na yeye anaonyesha mmoja tu. Mabinti wanaomfuata hawaendi wiki mbili. Mkataba wa kazi za ndani Uarabuni kwa kawaida ni wa miaka miwili, na ndani ya miaka miwili kuna Julai mbili. Julai ya Dubai mchana inapita nyuzi 40, na usiku, ule usiku ambao watu wanategemea kupumua, inazunguka kwenye 30. Na sio Julai peke yake. Joto linaanza kukaza mwezi wa tano na kulegea mwezi wa kumi.

Sasa swali dogo tu. Kama Dubai ni tamu kiasi hicho, mbona yeye haendi Julai? Julai ndiyo hoteli zinashusha bei. Tangu 1998 Dubai ina tamasha zima la mauzo ya kiangazi, limeanzishwa kuvuta watu waje msimu ambao bila punguzo wasingekanyaga. Mtu wa biashara kama yeye, anayeweza kubishana nusu saa na machinga wa Makoroboi kwa ajili ya elfu mbili, anaacha punguzo lote hilo anaenda msimu wa bei kali. Kwa nini? Kwa sababu amepima hali ya hewa. Amejipimia yeye. Wadogo zake hakuwapimia.

Na mtu wa Mwanza ndiye anayedanganyika kirahisi kuliko wote. Anaona yuko karibu na ikweta, jua la kila siku, atababaishwa na nini? Ukweli ni kwamba Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, halafu imelaliwa na ziwa. Mchana ni nyuzi 27, 28, 29. Usiku 16 mpaka 19. Hivyo hivyo mwaka mzima, na ikifika alasiri upepo wa ziwani unapita bure bila bili ya umeme. Mwezi wa tisa kuelekea mvua ikigonga 30 na kidogo, mji mzima unalalamika, mawe ya Mabatini yanatema moto, watu wanakaa barazani mpaka saa nne usiku wakijipepea na boksi. Hilo ndilo joto analolijua binti wa Mwanza. Mtu wa Dar angalau amewahi kulala Februari umeme umekatika, amelowa jasho mpaka godoro, anajua maana yake. Binti aliyekulia Misungwi au Ukerewe hajawahi kulala usiku mmoja wa nyuzi 30 tangu azaliwe. Mara paap, anaambiwa huko kuna "joto kidogo".

Na joto la Ghuba lina kitu kingine ambacho picha haiwezi kuonyesha: unyevu. Mwili wa mtu unajipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Mama anayeanika dagaa Mwaloni hahitaji kufundishwa hili. Siku ya upepo mkavu dagaa wanakauka kabla ya jioni, siku ya hewa nzito yenye unyevu wanabaki pale pale mpaka wanaanza kunuka. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Bahari ya Ghuba ni ya kina kifupi, kiangazi maji yake yanapanda zaidi ya nyuzi 30, na mvuke wake unaingia mjini. Ziwa hapa linapoza mji, bahari kule inauchemsha. Jasho linatoka, linatiririka, halikauki. Mtu anakunywa maji chupa kwa chupa na bado kichwa kinagonga. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Hapo figo zimeanza kulalamika, na zikilalamika kila siku miezi minne mfululizo, mwaka wa kwanza na wa pili, kuna siku zinagoma. Wapo vijana wa Nepal waliokwenda kujenga magorofa Ghuba wakiwa wazima, wakarudi kwao wa kusafishwa damu hospitali. Hao walikwenda na misuli. Binti wa kidato cha nne anakwenda na begi la magurudumu na picha ya koti la jinzi kwenye simu.

Mwenye kuona haya ni maneno ya kuogopesha watu, akumbuke Quriyat. Ni mji mdogo wa pwani, kusini mashariki ya Muscat, Omani. Tarehe 26 Juni 2018 uliweka rekodi ya dunia ambayo hakuna mji unaoililia. Kwa masaa 24, usiku na mchana, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Yaani hiyo ndiyo ilikuwa nafuu ya siku! Ule muda wa alfajiri ambao Mwanza watu wanavuta shuka na kujikunja, Quriyat ilikuwa 42.6. Na Kuwait, kwenye kituo cha Mitribah, Julai 2016 ilipimwa 53.9. Dalali ana habari hizi? Kama hana, anapelekaje mtoto wa mtu sehemu asiyoijua? Na kama anazo, basi ndiyo mbaya zaidi.

Halafu kuna huu ujanja wa kusema "Omani" au "Uarabuni" kama vile ni mtaa mmoja. Mtu haishi kwenye nchi, anaishi kwenye mji. Omani hiyo hiyo yenye Quriyat ina Salalah, kule kusini kabisa, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba kunashuka manyunyu na ukungu, milima inakuwa ya kijani, nyuzi ziko 23 mpaka 27. Ukimshusha mtu wa Bukoba Salalah mwezi wa saba anaweza kuuliza ndizi ziko wapi. Waarabu wenyewe wenye hela, Muscat na Dubai zikiwaka, wanapakia familia kwenye magari wanakimbilia Salalah. Kwa hiyo binti anayeambiwa "unaenda Omani" hajaambiwa kitu. Salalah na Muscat kwa mwezi Julai ni kama Lushoto na tanuri. Lakini waulize walioko kwenye foleni ya pasipoti, wangapi wanajua jina la mji wanaoenda? Wanajua mshahara. Mji watauona wakishuka.

Angalia wanavyofanya wenye uwezo wa kuchagua. FIFA, watu wenye hela za kununua barafu ya dunia nzima, walipoipa Qatar Kombe la Dunia la 2022 walikaa wakapiga hesabu. Viwanja vilijengwa na viyoyozi, mabilioni yalimwagwa, na bado wakaona Juni na Julai haiwezekani. Kombe la Dunia likasogezwa, likachezwa kuanzia Novemba 20 mpaka Disemba 18, ligi za Ulaya zikasimama kupisha. Hiyo ni kwa wachezaji wa dakika tisini, wenye madaktari pembeni na maji ya baridi kila kona. Au kwa kurudi nyuma kabisa, Sayyid Said, mwenye Muscat yake, kati ya 1832 na 1840 alihamishia makao yake Unguja. Biashara na karafuu ndizo zilizomvuta, sawa, ila ukweli unabaki kuwa mwenye Muscat mwenyewe aliona heri akaishi kwenye minazi. Kila mwenye uwezo wa kuchagua mji na mwezi, amechagua. Anayepangiwa ni yule asiye na kitu.

Mashabiki wa mrembo wana hoja moja wanayoitupa kila mahali: huko kila sehemu kuna AC. Na ni kweli. Maduka yana AC, magari yana AC, misikiti ina AC, Dubai mpaka vituo vya basi vina AC. Swali ni nani ameshika rimoti.

Kwa sababu hali ya hewa ya dada wa kazi sio ile inayotangazwa kwenye simu. Ni ile ya jikoni, oveni inawaka na jiko linawaka na mlango umefungwa ili harufu isiende sebuleni. Ni ya juu ya paa, anakoanika nguo saa saba mchana kwa sababu mama mwenye nyumba anataka zikauke haraka. Ni ya uwani anakofagia mchanga, ya getini anakomsubiri mtoto na basi la shule, ya pembeni ya gari analoliosha. Halafu anarudi ndani kwenye nyuzi 18 za sebuleni, jasho lote mgongoni, anakohoa. Kuna nyumba ambazo dada ana chumba chake, kitanda chake na AC yake, analala vizuri kuliko alivyowahi kulala kwao. Zipo, na wanaozipata hushukuru Mungu. Na kuna nyumba ambazo chumba cha dada ni stoo isiyo na dirisha, au kibanda cha juu ya paa kilichokula jua toka asubuhi, na AC kama ipo inazimwa na mtu mwingine akiangalia bili. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyowahusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu, ilieleza pasipoti kushikiliwa na masaa marefu ya kazi bila kupumzika. Mtu ambaye hana pasipoti yake mkononi ataomba rimoti?

Nchi zenyewe zinajua joto lao linaua, ndiyo maana zina sheria. Omani kuanzia Juni mpaka Agosti kazi za juani zinasimama saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Falme za Kiarabu ni Juni 15 mpaka Septemba 15, saa sita na nusu mpaka saa tisa. Qatar wameenda mbali zaidi, saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Sheria nzuri kabisa, lakini zimeandikwa kwa fundi ujenzi na mfagia barabara, watu ambao mkaguzi anaweza kusimamisha gari akawaona. Dada wa ndani anahesabiwa yuko ndani. Paa ni ndani? Uwani ni ndani? Nani anapita kukagua?

Tofauti ya mwenye AC na asiye na AC ilionekana wazi kabisa kwenye Hija ya 2024. Joto la Makka lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia ikatangaza watu zaidi ya 1,300 wamefariki. Wengi wao walikuwa hawana vibali rasmi, maana yake hawakuwa na mahema yenye viyoyozi wala mabasi, walitembea kwa miguu juani. Mji mmoja, jua moja, ibada moja. Aliyekuwa na sehemu ya kujificha alirudi kwao na tende. Wasiokuwa nayo ndio waliojaa kwenye ile hesabu.

Sasa watakuja wale wa "unazuia watu riziki, wewe mbona hauwapi kazi?" Hakuna anayezuia. Watu wamekwenda, wametoboa, Buswelu kuna nyumba zimesimama kwa hela ya Muscat, kuna wadogo wamesoma, kuna wazee wamefanyiwa upasuaji. Hilo hakuna wa kulibeza, hasa anayejua mshahara wa dada wa kazi hapa mjini. Lakini hela ni hesabu, na hali ya hewa iko ndani ya hiyo hesabu, sio pembeni. Mtu akirudi mwezi wa nane kwa sababu amezimia mara tatu na bosi hataki mgonjwa, deni la dalali bado liko palepale na shamba lililouzwa kule Magu halirudi. Kuuliza kuhusu joto sio umama wala udhaifu. Ni sawa na kuuliza mshahara unalipwa tarehe ngapi.

Waliorudi nao wana kesi ya kujibu. Kuna dada mmoja wa Igoma, naye jina kapuni, karudi baada ya miaka miwili na nusu. Ukimuuliza Muscat kukoje, anajibu "kawaida tu". Wanaomjua kwa karibu wanasema kiangazi cha kwanza alikuwa analala kwenye vigae vya jikoni bila shuka, mgongo wote ukiwa na vipele vya joto, na mpaka leo akisimama muda mrefu juani anatafuta pa kushika. Kwa nini hasemi? Kwa sababu mtaani ukisema uliteseka, umesema ulishindwa. Ukisema ulishindwa, watakuuliza hela ziko wapi. Kwa hiyo anaposti picha za zamani, kavaa abaya nyeusi nje ya duka kubwa, na binti mwingine anasoma "kawaida tu" anaanza kufunga begi.

Wa kwenye baridi wamekaa hivyo hivyo, ila wao angalau baridi inanunulika. Kijana mmoja wa muziki wa Kirumba alipata mwaliko Finland, akaaga kwa sherehe, akaondoka Novemba na koti la kuendeshea bodaboda. Koti zito alinunuliwa na wenyeji wiki ya kwanza, likaisha. Kilichomshinda ni jua. Huku Mwanza jua halibadilishi ratiba, linachomoza saa kumi na mbili na kitu asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, Januari na Julai, na saa za Kiswahili zenyewe zimejengwa juu ya hilo: saa moja ni moja kwa sababu jua limeshatoka. Helsinki ya mwezi wa kumi na mbili jua linatoka karibu saa tatu na nusu asubuhi, saa tisa na robo mchana limeshazama. Hayafiki masaa sita. Kijana alikuwa anaamka usiku, anafanya mazoezi usiku, anakula mchana ambao ni usiku, na mwezi wa pili hajaandika hata mstari mmoja wa wimbo. Watu huku wakasema kalogwa. Hajalogwa. Hakuuliza saa za jua. Wanaokwenda Kanada nao wakipangiwa Winnipeg waangalie Januari yake kwanza, wastani wa usiku uko chini ya nyuzi 20 hasi. Ila anayekwenda kwa masomo ana mwaka mzima wa kujiandaa na mitandao ya chuo ya kuuliza. Binti wa Uarabuni ana wiki tatu na dalali mmoja.

Cha ajabu ni kwamba watu wa ziwani ndio wangetakiwa kuwa walimu wa hili. Hakuna mvuvi wa Mwaloni anayetoka bila kuangalia hewa. Wa dagaa anahesabu mwezi, maana kwenye mbalamwezi karabai haivutii dagaa. Anaangalia mawingu yanakaa upande gani, anasikiliza utabiri wa TMA, anawauliza waliorudi asubuhi. Na anayepuuza, ziwa halina msamaha. Huyo anatoka usiku mmoja tu, asubuhi yuko nyumbani anakunywa chai. Mtoto wake anapelekwa miaka miwili ng'ambo ya bahari na katika kikao kizima cha familia, wajomba wamekaa, mashangazi wamekaa, mchele umeliwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza huko Julai kunakuwaje. Wameuliza viza. Wameuliza mshahara. Wameuliza kama huyo Mwarabu ana wake wangapi.

Ukweli usemwe, mmoja aliuliza. Mama mmoja wa Buhongwa, muuza nyanya, binti yake ana pasipoti tayari. Dalali alifika nyumbani kapendeza, shati limenyooka, viatu vimechongoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu kiti. Hebu niambie, huko joto likoje? Huyu mtoto toka mdogo akikaa juani kichwa kinamuuma."

"Mayu, usiwe na presha kabisa. Huko hata kituo cha basi kina AC."

"Na kituo cha basi anaenda kufanya nini? Si umesema huko hatoki getini?"

Dalali alicheka sana, akasifia chai, akarudi kwenye mshahara.

Sasa huyo dalali ana ofisi, ana bango, ana muhuri. Serikali nayo ina chombo chake cha huduma za ajira. Kama mkataba unaweza kuandika mshahara, siku ya mapumziko na nauli ya kurudi, unashindwaje kuandika mstari mmoja kwamba chumba cha mfanyakazi kitakuwa na kiyoyozi na hatafanya kazi juani mchana wa kiangazi? Ni wino kiasi gani huo? Bosi ambaye anakataa kusaini mstari huo ameshajibu swali, na ni bora ajibu binti akiwa bado Buhongwa. Na tarehe ya safari nayo ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayefika Novemba ana miezi sita ya mwili kuzoea, kujua nyumba, kujua kuomba, kabla moto haujawashwa. Anayefika Juni anatoka kwenye nyuzi 28 za Mwanza anashuka kwenye 43, na kesho yake asubuhi anakabidhiwa ufagio. Mawakala wanapeleka Juni kwa sababu oda imekuja Juni. Mwili wa mtu hauna oda.

Na mrembo, kama kweli ana uchungu na wadogo zake kama anavyoandika kila siku, kazi yake ni nyepesi. Akate tiketi ya Julai mwaka mmoja tu, hoteli ni rahisi, kodi za duka zimekaa sawa. Siku ya kwanza saa saba mchana apande juu ya paa na beseni la nguo mbichi, awashe simu, aende mubashara nusu saa akianika. Bila miwani ya AC ya gari, bila dereva. Wafuasi atapata zaidi ya wa koti la jinzi, hilo ana uhakika nalo yeye mwenyewe anayejua kutafuta kiki.

Yule binti wa Buhongwa ni mwerevu kama mama yake. Wiki iliyopita alimwandikia dalali WhatsApp maswali yake: ni mji gani, chumba changu kiko wapi, kina AC, anayeiwasha ni nani, nguo zinaanikwa wapi. Ujumbe ukasomwa, tiki mbili za bluu, kimya. Siku ya tatu ikaja sauti ya sekunde nane: "Mdogo wangu, wewe unatafuta kazi au unatafuta hoteli?"

Binti hakujibu. Pasipoti yake iko kwa dalali, na kundi linaondoka wiki ya kwanza ya Juni.